Vitunguu Saumu vya Kona ya Nne

Alhamisi, Oktoba 3

Leo nimekabidhiwa! Miaka mitatu ya ndoa, na leo mama mkwe kaja mwenyewe na kapu. Ndani, vichwa vya vitunguu saumu. Vinene kama ngumi za mwanangu Zonia, vina michirizi ya zambarau, vimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu wa kufumia. Akasema ni mbegu ya ukoo, bibi yake aliivusha bahari ndani ya soksi. Akasema nitayarishe tuta, vipandwe kabla ya sikukuu ya Mama Maria ya tarehe kumi na nne. Akasema hivi si vya kula. Akarudia. Mara ya pili alinikazia macho kama vile mimi panya.

Najua maana yake. Mkesha wa Krismasi, meza ya mama mkwe huwekwa kitunguu saumu kila kona. Kila kona ina mwanamke wake, aliyekipanda kwa mkono wake. Kona ya kwanza ya mama mkwe. Ya pili ya shangazi Stasia. Ya tatu ya wifi yangu Larysa, dada yake mume wangu Orest, mwanamke asiyewahi kuunguza kitu. Ya nne ilikuwa ya bibi yao, na tangu afariki kuna kisahani kitupu. Mimi ndiye hukalishwa mbele ya kisahani kitupu. Mwaka jana Larysa aliweka kijiko kichafu humo.

Vikiota, kona ni yangu. Siku moja itakuwa ya Zonia, na hakuna atakayemuuliza yeye ni mtoto wa nani. Nimemwambia. Akacheka, meno mawili yote nje.

Jumamosi, Oktoba 5

Leo karamu ya kuku ya kanisa. Asubuhi Larysa kapiga simu. Eti, wifi, safari hii utaleta mkate wa kampuni gani? Kisha kicheko chake kile, kama mlango usiotiwa mafuta.

Basi nikaamua. Perohi za viazi, vile vifurushi vya unga vya kuchemsha, na juu yake siagi, krimu chachu na kitunguu saumu. Nikaangalia kabati. Hamna kitunguu saumu. Nikaangalia kapu.

Nilitoa kichwa kimoja tu! Harufu yake, mama yangu! Nikajiuliza, kitu kizuri namna hii kikafukiwe ardhini? Nani anafukia kilicho kizuri? Watu hufukia visivyofaa. Nikatoa cha pili. Sufuria ilikuwa kubwa. Nikasema vinavyobaki vinatosha mbegu. Nikasema hivyo mara kadhaa.

Saa tisa kapu lilikuwa na uzi tu. Uzi nikautupa kwenye pipa.

Jumapili, Oktoba 6

Sina hamu ya kuandika. Nitaandika.

Perohi ziliisha kabla ya kuku! Watu walifuta bakuli kwa mkate. Padri akasimama kuuliza nani kazipika, na kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa umejaa, akageuza bakuli asome jina kwenye utepe wa gundi chini. Bakuli la kuazima. Akasoma kwa sauti ya Injili: Larysa.

Makofi! Na wifi yangu, aliyesoma hadi chuo, akainamisha kichwa kama bibi harusi. Hakukataa! Baadaye nikamfuata jikoni nikamwambia zile perohi zangu. Akasema, ah, wifi, tusimwaibishe Padri.

Mama mkwe alikula moja tu. Alitafuna polepole sana. Akamtazama Larysa, akanitazama mimi, akaweka uma chini. Wakati wa kuondoka akasema Jumamosi atakuja tupande pamoja.

Jumamosi! Sina hata punje moja.

Jumatano, Oktoba 9

Nina akili, shule haikuiona tu.

Nimenunua vitunguu saumu vya dukani. Vyeupe pepe, kama meno ya bandia. Mama mkwe angejua akiwa bado barabarani. Lakini jana nilikuwa namenya bitiruti za supu, nikatazama vidole vyangu. Rangi ile ile! Nimechemsha maji mazito ya bitiruti, nimechukua brashi ya Orest ya kunyolea ndevu, nimechora michirizi. Kichwa kimoja kimoja, huku nimeng'ata ulimi. Nimevipanga karibu na jiko vikauke. Hata mimi vilinidanganya.

Zonia alidaka kimoja akakinyonya. Orest akaingia kutoka kazini, akamkuta mtoto mdomo mwekundu mpaka kidevuni. Alipiga ukelele majirani wakatoka. Nikamweleza ni supu. Kesho atanyoa ndevu na kuwa na mashavu ya waridi, lakini hilo nitalieleza kesho.

Jumamosi, Oktoba 12

Nimeshinda! Nadhani.

Mama mkwe kaja na gunia la kupigia magoti. Magoti yake mabovu, kila akishuka anamtaja mtakatifu mmoja. Akachukua kichwa, akakivunja atoe punje, akauliza kijiti cha katikati kiko wapi. Kijiti? Sikujua kuna kijiti! Nikasema cha hiki kimeoza. Akavunja cha pili. Nikasema nacho kimeoza, mwaka huu mvua nyingi. 

Kisha akatazama vidole vyake. Vyekundu. Akavinusa. Akagusa kimoja kwa ncha ya ulimi. Mimi nikaanza kusifu hali ya hewa. Nikasifu gunia. Nikasifu mawingu, na yalikuwa mabaya.

Akapangusa vidole kwenye aproni, akauliza tu kama perohi za kanisani zilikuwa tamu. Nikamwambia amuulize binti yake. Akasema, ncha juu, mwanangu, mzizi chini, na umbali wa kiganja.

Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo. Kaingia mtegoni mzima mzima!

Alhamisi, Oktoba 17

Adabu hakuna katika ukoo huu. Nimempeleka Zonia chanjo, amelia njia nzima, nami nimelia kidogo. Nafika nyumbani, namkuta mama mkwe jikoni kwangu anakunywa chai. Hakualikwa! Viatu vya udongo mpaka vifundoni, sakafu niliyoipiga deki jana imekuwa kama zizi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema alipita kurudisha sufuria. Sufuria gani? Sikuona sufuria.

Kisha akajaribu kusimama, akashindwa. Orest akamnyanyua, akamrudisha kwake kwa gari. Ananiambia nimwonee huruma mama, magoti yamevimba. Nikamwambia magoti ya mama yako huvimba kila ninapokuwa na sakafu ya kupiga deki.

Nilikuwa nimemwomba aje Jumamosi anishikie Zonia nipumzike. Kasema hawezi, atalala kitandani wiki nzima. Nilijua! Mtu asipotaka kukusaidia, hulala.

Jumapili, Oktoba 20

Kuna mtu kachimbua tuta langu!

Udongo umegeuzwa upya, umelainishwa, mistari imenyooka kama ya daftari. Mimi sikupanda hivyo. Mimi nilipanda kama ninavyotembea. Nikajua mara moja: Larysa. Kaja kuniibia mbegu!

Nikafukua kwa kidole. Punje ipo. Nikafukua nyingine. Ipo. Na zimenenepa! Wiki moja tu ardhini na kila moja imekuwa mara mbili ya nilizopanda. Basi wifi alikuja kuiba, akaona zilivyonona, roho ikamuuma, akazirudisha. Hakuna maelezo mengine.

Nimeokota kipande cha uzi mwekundu udongoni. Ule niliutupa kwenye pipa, kumbe haukuingia vizuri. Nimemfungia Zonia nywele zake tatu. Kapendeza! Kama zawadi isiyofunguliwa.

Ijumaa, Novemba 1

Orest alisema ataleta mabua ya ngano ya kufunika tuta kabla ardhi haijaganda. Orest husema.

Larysa anayo kwenye baraza lake, marobota mawili, kayapamba kwa maboga kwa ajili ya watoto waliopita jana na vinyago vyao kuomba peremende. Sikukuu imekwisha, mabua hayana kazi. Na yeye ndiye aliyechimbua tuta langu. Huo si wizi, hayo ni malipo.

Robota la kwanza nimelisukuma kwenye kigari cha Zonia. La pili limevunja gurudumu. Nimefika nyumbani na mabua kichwani, mtoto kwapani, kigari kinachechemea. Simu imelia kabla sijamaliza kufunika. Wifi, naona mabua yangu yametoka matembezi kwenye kigari cha mtoto, yamevaa vizuri lakini? Nikasema ni panya. Akasema panya huyo ana koti la kijani na njia nzima ameacha mabua mpaka mlangoni kwako.

Nitakufa nikikataa.

Jumatatu, Januari 6

Mkesha wa Krismasi yao, ya kalenda ya zamani. Kisahani kitupu tena, mbele yangu tena. Nilimpakata Zonia ili akifiche.

Mama mkwe kachechemea kutoka jikoni mpaka mezani, ameshika ukuta. Na kwenye kona yake kaweka kitunguu saumu kidogo, kidogo! Kama kifundo cha kidole. Larysa akacheka, akamuuliza mama, mwaka huu umeweka kitunguu au kishikizo cha koti? Mama mkwe akasema vikubwa vyote amevipanda, havikubaki.

Mchoyo! Anaficha vinene vyake ardhini, sisi atuwekee vishikizo. Shangazi Stasia akasema vya mama mkwe havijawahi kukosa kuwa vikubwa kuliko vya wote. Mama mkwe akasema mwaka huu tuta lilikuwa mbali kidogo. Wazee husema mambo.

Alimmegea Zonia ngano ya asali, akagusa ule uzi mwekundu kwenye nywele zake, akauliza nimeutoa wapi. Nikasema bustanini. Akatabasamu. Sikupenda.

Jumapili, Mei 4

Imeota! Theluji imeondoka juzi, leo nimefunua mabua, nakuta vichipukizi vya kijani, mstari baada ya mstari, vyote vimesimama kama askari. Larysa alisema kwa sauti kubwa kanisani kwamba kitunguu cha dukani hakivuki baridi yetu, kwamba ni mjinga tu atakayekipanda. Sijui alimsema nani. Basi aje aone! Vya dukani vimevuka. Ni yale maji ya bitiruti. Yamevipa damu.

Nilipita bustanini kwa mama mkwe kulinganisha. Tuta lake la vitunguu saumu ni nusu ya la mwaka jana. Nusu! Uzee umemfika, masikini. Nilitaka kumwonea huruma lakini alikuwa ananitazama kwa juu ya ua, anatabasamu tena, nikaghairi.

Jumamosi, Agosti 2

Tumevuna. Naandika na udongo kwenye kucha.

Mama mkwe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hawezi tena kupiga magoti. Daktari kamwambia bustani basi. Mimi nikang'oa. Kichwa cha kwanza kilipotoka nilipiga kelele, Zonia akapiga kelele, mbwa wa jirani naye. Kinene kama ngumi. Na kina michirizi ya zambarau! Rangi ya bitiruti imeingia mpaka kwa watoto! Nikakivunja, na katikati kina kijiti. Hata kijiti kimeota! Nani mwingine nchi hii nzima amewahi kukifundisha kitunguu cha dukani kuota kijiti?

Larysa alikuja kutazama. Akakishika, akakigeuza, akamtazama mama yake muda mrefu, akasema, mama, na magoti yale? Sijui magoti yanahusu nini. Mama mkwe akamwambia nyamaza, shika kapu.  Alishika kapu. Wivu huo.

Kisha mama mkwe akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama, akasema mkesha ujao kona ya nne ni yangu. Nililia. Nililia vibaya, na Zonia akanifuta kwa kitunguu, nikalia zaidi. Lakini nilijiambia, Kendra, hakuna aliyekusaidia hapa. Si mume, si wifi, si mama mkwe aliyekuja kukuchafulia sakafu. Umeipata kona kwa akili yako peke yako.

Mama mkwe akanipa uzi mwekundu mpya. Akasema nichague vilivyo vikubwa kabisa, nivifunge pamoja, niviweke kwa ajili ya kupanda Oktoba. Akasema hivyo si vya kula. Akarudia. Nikaitikia, ndiyo mama, nikambusu shavu.

Karamu ya kuku ya kanisa ni Oktoba hiyo hiyo. Safari hii bakuli ni langu, nimeshaandika jina kwenye utepe, herufi kubwa. Perohi sufuria mbili.

Na bitiruti nimepanda tuta zima.