Milango Ishirini na Mitatu Mteremkoni

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Miezi kumi na mmoja na siku sita tangu niage nyumbani. Tunachimba mtaro wa bomba mteremkoni. Leo sururu yangu imefichua tundu lenye mlango wa udongo, mdogo kama kifungo cha koti, bawaba yake ya nyuzi. Nikauvuta. Mwenye nyumba akauvuta kutoka ndani. Buibui! Tulivutana, akashinda. Nyapara amemwita mtaalamu, mama mpole mwenye kofia kubwa. Amesema buibui huyu huishi kwenye ardhi ngumu ambayo haijawahi kuchimbwa, na hapendi kuhama. Mtaro utapindishwa. Mmoja wetu ataweka sururu chini, akae kwenye kiti chini ya mwavuli, alinde matundu. Ni yule atakayepata mengi kufikia Alhamisi. Mgongo wangu umeshajichagua.

Jumanne, tarehe 5
Nimepata manne. Ngongoti, anayelala kitanda cha juu yangu, amepata tisa. Ameniuliza kama macho niliyaacha nyumbani kwa mke. Jioni nikampigia mama watoto, nikamwambia nimeteuliwa mlinzi wa viumbe adimu. Akauliza, wanauma? Nikasema mimi wananiheshimu. Sikudanganya. Nimeitangulia habari kidogo tu.

Jumatano, tarehe 6
Mapumziko ya mchana. Wenzangu wamejilaza kivulini, mimi nimetoboa matundu kwa kipande cha nondo. Ishirini na matatu. Milango nimeifinyanga kwa udongo mbichi, bawaba ni utando niliokomba darini tunapolala. Nikailinganisha na ya buibui. Yangu imekaa sawa zaidi. Yeye hajapita mikononi mwa fundi.

Alhamisi, tarehe 7
Mtaalamu amepiga magoti, akafungua, akafunga. Akasema buibui huweka bawaba upande wa juu wa mteremko, ili mlango ujifunge kwa uzito wake. Hii yote ina bawaba chini, imeachama kama abiria waliosinzia. Kisha akasema, hata hivyo, kazi ya mikono ni safi, hajapata kuona mfano wake. Ni ya nani? Ngongoti akakohoa, akasogea mbele nusu hatua. Mwizi wa jasho la mwenzake! Nikanyoosha mkono upesi, nikatangaza kuwa ni yangu yote, mlango kwa mlango, na hakuna aliyenisaidia. Ngongoti akasema yeye alikuwa anapisha toroli tu.
Kiti amepewa yeye.

Ijumaa, tarehe 8
Nimefukia matundu yote ishirini na matatu, kisha nikarudishwa mtaroni. Ngongoti ananiagiza kutoka kitini nisitimue vumbi, eti wenye nyumba wamepumzika. Namwacha aseme. Mtaalamu amepiga picha mlango wangu mmoja akawaonyeshe wanafunzi wake. Ngongoti nani amempiga picha?
Mama watoto amepiga simu. Kaka yake anataka kazi chini yangu. Nikasema shemeji aje, nafasi ya msaidizi wa mlinzi ipo. Kosa lilikuwa bawaba tu, na bawaba sasa naijua. Mwezi ujao tunaanza mteremko wa pili, na huko Ngongoti hana hata tundu moja. Nimemwambia mama watoto awaarifu majirani: walinzi hupewa likizo mwezi wa nane, hivyo wanitazamie tarehe kumi, kabla ya saa sita mchana.