Mraba Mweupe Juu ya Paa

Jumatatu, 8 Julai
Baridi ya Canberra leo inang'oa meno. Barua imefika: Alhamisi mkaguzi anakuja kupima nyumba yangu ya kupangisha, aipe nyota kulingana na inavyotunza joto. Nyota chache, sipangishi tena. Na dari ni tupu, haina hata kipande cha sufi ya kuzuia joto lisitoroke. Mpangaji wangu ni Mwalimu Noreen Dunstan, aliyenifundisha kusoma. Miaka mitatu namwambia dari imejaa sufi. Anavaa koti ndani, anasema ni uzee tu. Naona haya. Lakini dari nzima? Ghali mno.

Jumanne, 9 Julai
Akili ni mali! Nimenunua mafurushi mawili tu, nikayatandaza kuzunguka tundu la kupandia darini. Mkaguzi atachungulia hapo, ataridhika, ataondoka. Mwalimu alinishikia ngazi, koti lake mwilini. Akanishukuru, eti Keith mwanangu una utu. Akaniletea biskuti, nikaona haya kuzila. Nilikula nne.

Alhamisi, 11 Julai
Kumbe mkaguzi hana haja ya ngazi. Bwana Petkovski alisimama barabarani asubuhi, mikono mfukoni, akatazama paa. Mapaa ya majirani yote meupe kwa barafu ya alfajiri. Langu linachuruzika maji, maana joto la hita ya Mwalimu limepanda usiku kucha likaiyeyusha barafu. Isipokuwa mraba mmoja mweupe katikati. Akauliza kama tundu la dari liko pale. Jirani Gwenda, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, akasema hongera Keith, umelitandikia paa kitambaa cha meza. Mwalimu akatoka na koti lake. Akatazama paa, akanitazama mimi. Hakunigombeza. Aliuliza tu, taratibu, kama ni miaka yote mitatu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nyota moja, na Jumatatu mkaguzi atarudi kutazama tena.

Ijumaa, 12 Julai
Sikulala. Nimekwenda kumwomba radhi. Akasema radhi haipashi mtu joto: nijaze dari kabla mkaguzi hajarudi Jumatatu, la sivyo anahamia kwa dada yake. Nikalia, kweli nikalia. Nikaapa kwamba sitamdanganya tena.

Jumapili, 14 Julai
Sufi bado ghali. Mpira wa maji ninao. Alfajiri nitalinyunyizia paa lote, maji yagande, liwe jeupe kama mapaa ya wenzangu. Nimepita kwa Mwalimu kumwomba, kwa heshima zote, leo alale bila kuwasha hita.