Tangazo la Salamu la Itulamembe

Wakazi wote wa mji mdogo wa Itulamembe, uliopo kati ya Njombe na Makambako, walitangaziwa kwamba kuanzia Jumapili ile wako salama. Tangazo lilisomwa kanisani baada ya lile la ndoa na kabla ya mnada wa kuku wa sadaka, kisha likarudiwa sokoni kwa kipaza sauti, ili ambaye hakuwa na habari kwamba yuko salama naye aipate. Chini yake ilikuwepo saini ya Inspekta Faustine, Mkuu wa Kituo cha Polisi, mwenye nyota mbili begani na nafasi ya nyota ya tatu, ambayo aliipiga pasi kila asubuhi.

Nyota yenyewe haikuwa mbali. Kamati ya Utulivu na Uhabarishaji ilikuwa inazunguka kutafuta kituo cha mfano, yaani kituo ambacho wananchi wake wako salama na wanajua kwamba wako salama. Hilo la kwanza Faustine alikuwa ameshalimaliza. Tangu viazi vipandwe hadi vikavunwa, hakuna raia aliyekanyaga kituoni kulalamika. Benchi la walalamikaji lilikuwa limetandwa na buibui, na Inspekta alikataza lisifagiliwe, kwa kuwa utando ule ulikuwa kielelezo cha amani.

Kazi ilikuwa kwenye hilo la pili. Utawahabarisha watu nini mahali ambapo hakitokei kitu? Kwanza aliwatangazia kwamba ukungu utashuka, na kweli ukashuka, kama unavyoshuka Itulamembe siku zote. Halafu akatoa taarifa ya matukio yaliyokaribia kutokea, watu wakaisikiliza kwa adabu na kuulizana nani aliyakaribia. Baada ya hapo akaishiwa kabisa, na kamati imeshatoa tarehe ya kuja.

Ndipo Koplo Konsolata, askari wake pekee, alipomwambia kwamba huku juu watu hawamtambui mtu mbaya kwa sura bali kwa salamu. Mtu mwema akikukuta anakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe, viazi, mvua, na wewe unamjibu kimoja kimoja, hata kama mnapishana kila siku kwenye kona ileile. Anayepita kimya ana lake jambo.

Inspekta alilipenda wazo hilo. Yeye mwenyewe, ni kweli, hakuwa mtu wa salamu. Tangu apate nyota ya pili aliamini kwamba salamu hupunguza mamlaka, akawa anawajibu wananchi kwa kugusa ukingo wa kofia tu. Lakini tangazo lilikuwa la wananchi, si la ofisi. Akaliandika siku hiyohiyo: mtu yeyote atakayepita mbele ya watu bila kusalimia atahesabiwa kuwa ni wa kutiliwa shaka, azuiwe kwa ukarimu, apewe mahali pa kukaa, na asiachiwe ila kwa idhini ya Mkuu wa Kituo akiwa ofisini kwake. Mwishoni akaongeza: bila kujali cheo, sura wala undugu. Maneno hayo aliyaweka kwa ajili ya kamati, na kila alipoyasoma aliguswa.

Watu wa Itulamembe ni wasikivu, na jambo likishasomwa kanisani halina mjadala. Muuza dawa za mahindi kutoka Makambako alizuiwa mpaka akamaliza sufuria ya viazi. Mzee Aron, mzee wa kanisa aliyelisoma tangazo, alimzuia hata shemeji yake mwenyewe. Hata watu waliokuwa wamenuniana miaka kwa sababu ya mpaka wa shamba wakaanza kuulizana habari za ng'ombe, kwa kuogopa kuzuiwa.

Siku ya wageni ikafika, na ukungu wake. Pikipiki ya kituo ilikuwa imeoshwa na kuegeshwa mlangoni ionekane, na ilikuwa marufuku kuitembeza. Kwa hiyo Inspekta Faustine alikwenda kwa miguu kuipokea kamati njia panda. Konsolata aliachiwa amri ya kutobanduka kaunta. Viatu vya Inspekta viling'aa, na begani alihisi tayari uzito wa nyota ya tatu. Akapita mbele ya mgahawa wa Mama Hyasinta, mwanamke wa Mawengi aliyeolewa huku, ambapo watu, Mzee Aron akiwemo, walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinywa chai, macho yake yakiwa mbele kabisa.

"Afande," aliita Mama Hyasinta bila kuinuka, "umepita."

Inspekta alisimama akidhani ametaniwa. Hakutaniwa. Mzee Aron alimshika mkono taratibu, kama anavyoshikwa bwana harusi, akamketisha. Wakamwekea chai na sahani ya viazi. Inspekta akauliza kama hawamjui. Wakamhakikishia kwamba wanamjua vizuri sana, na ndiyo sababu walifurahi kuona kwamba tangazo limegusia suala la cheo. Akawasalimia palepale, tena kwa Kibena, "Kamwene," nao wakamwitikia kwa furaha. Lakini, alieleza Mzee Aron, aliyeiba kuku akimrudisha, kesi inabaki palepale.

Akampigia simu Konsolata.

"Afande, kukuachia siwezi," Konsolata alisema kwa unyenyekevu mkubwa. "Inatakiwa idhini ya Mkuu wa Kituo."

"Mkuu wa Kituo ni mimi."

"Ndiyo, afande. Ila hayupo ofisini."

Ikabidi akae. Na kwa kuwa mtu hawezi kula viazi vya watu huku amenyamaza, akamuuliza Mama Hyasinta habari za nyumbani. Aliuliza kwa kupoteza muda tu, masikini. Hakujua kwamba huku ukiuliza, unajibiwa.

Mama Hyasinta akamweleza kwamba nyumbani si kwema, nguruwe wake mwenye mimba aliibwa tangu masika. Mzee Aron naye mbolea yake ilibebwa stoo, na anamdhania aliyeibeba. Dainess, binti aliyekuwa akimenya viazi pembeni, alisema parachichi zao zilichumwa zote zikiwa mbichi na baba yake hajalala vizuri mpaka leo. Waliyasema bila kulaumu, mmoja akimpisha mwenzake, na Inspekta akasahau kutafuna.

"Mbona hamkuja kituoni?" aliuliza.

"Tulikuja," alisema Mama Hyasinta. "Mimi nilisimama pale kaunta nikakusalimia, hukuinua uso. Nikasalimia tena. Sasa afande, mtu asipoitikia salamu, hiyo shida nyingine utaanzaje kumwambia? Nikarudi nayo nyumbani."

Inspekta Faustine aliona aibu. Aibu kweli, ya kupanda mpaka masikioni, mbele ya watu waliokuwa wanamwongezea chai. Alilikumbuka lile benchi lake la amani, na buibui wake, akatamani alivunje.

Hapo ndipo msafara ulipotokea kwenye ukungu: magari matatu meupe, vioo vyeusi vimefungwa, honi zikilia. Yalipita kwenye dimbwi, yakawarushia matope waliokaa benchini, yakapunguza mwendo kwenye tuta. Hakuna kioo kilichoshuka. Benchi zima halikuyaangalia magari, lilimwangalia Inspekta.

Ilitosha kunyoosha mkono aombe lifti, na asubuhi yote ile ingekuwa imekwisha. Alijigusa bega. Akasimama, akavaa kofia.

"Afande, bado hujaachiwa," Mzee Aron alimkumbusha.

"Najua, mzee wangu. Siendi mbali."

Akasimama katikati ya barabara mbele ya gari la kwanza na kuinua mkono. Kioo cha nyuma kikashuka kidogo sana, na Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati akataka kujua huu ni upuuzi gani.

"Kamwene, mheshimiwa," alisema Inspekta Faustine, akapiga saluti. "Umepita."

Akamweleza tangazo lote, pamoja na maneno ya mwisho. Mwenyekiti alisikiliza, rangi ikimbadilika, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayejua namba nyingi za simu, ni nani mwenye mamlaka ya kumwachia.

"Mkuu wa Kituo, mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Amezuiwa."

Mzee Aron alikuwa ameshafika kwenye mlango wa gari, akamshika Mwenyekiti mkono taratibu na kumvusha matope. Watu wakasogeleana benchini. Inspekta alirudi akaketi pembeni ya Mwenyekiti, Dainess akaongeza viazi jikoni, na Mama Hyasinta akamwekea mgeni sahani na kumwanzia upya habari ya nguruwe.