Mgonjwa Aliyerudi na Shati la Chungwa

Leo nimeumbuka. Na sikuumbukia faraghani kama watu wenye bahati. Nimeumbuka mbele ya kwaya mbili.

Naandika haya nikiwa kitandani, nimejifunika khanga mpaka kidevuni, na joto lote hili. Siumwi. Mtaelewa mbele ya safari.

Kwa wasionijua, mie ni Atupele, napiga kinanda kwenye kwaya ya kanisani kwetu huku Ukonga. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, nikigonga vidole juu ya meza ya chakula, mama akiniuliza kama nimeingiwa na wadudu. Baadaye Mwalimu Samweli, mwalimu wetu wa kwaya, alinikabidhi kinanda cha kanisa nijifunzie, akavumilia makosa yangu miaka miwili bila kukunja uso. (Alikuwa anatazama dari tu. Nilidhani anaomba. Labda kweli alikuwa anaomba.)

Kinanda chenyewe kina kitufe kimoja cha katikati kilichokufa. Ukikibonyeza, kimya. Kwa hiyo nyimbo zetu zote nilizipanga upya ili vidole viruke pale. Asiyejua anadhani ni mtindo.

Jumamosi ijayo tunarekodi video, ya kwanza tangu kwaya ianzishwe. Kamati ilitaka siku hiyo kinanda apige mtu wa kukodi kutoka Mwananyamala, mtu mwenye jina. Mwalimu Samweli akakataa. Alisimama mbele yao akasema, "Atu ni wetu. Hatuwezi kumwacha wetu siku ya picha." Nilikuwepo. Nililia kidogo nikasingizia vitunguu. (Tulikuwa kanisani. Hakukuwa na kitunguu.)

Mtu akishatetewa hivyo anatakiwa atulie. Mie sijui kutulia. Tangu siku ile nikawa najiuliza: hivi najua kupiga, au wamenizoea tu? Watu wa kwetu wanayajua makosa yangu kama wanavyoyajua mashimo ya njia ya nyumbani. Wanayapita bila hata kuangalia chini.

Ndipo akanipigia simu Kaka Fredi, mwenyekiti wa kwaya moja ya Segerea. Aliwahi kunisikia kwenye msiba. Mpiga kinanda wao amesafiri, wana sikukuu ya kwaya Jumapili hii, akaomba nikawasaidie kwa siku moja. Nikaona huu ndio mtihani niliokuwa nautafuta. Wageni watupu, kinanda kizima, hakuna wa kunionea huruma. Nikikosea nakimbia, hawanioni tena maisha.

Ningeweza kuomba ruhusa. Wazo hilo lilikuja, likapita. Wiki ya kurekodi, uende kupigia kwaya nyingine? Kwetu jambo hilo lina jina, na si jina la kupewa mtu mbele ya mama yake.

Kwa hiyo asubuhi nikamwandikia Mwalimu kwamba tumbo limenishika. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Ujumbe wa kwanza ulikuwa mfupi mno, ungezua maswali. Wa pili ulikuwa na maelezo ambayo mtu hapaswi kumpa mwalimu wa kwaya. Mwishowe nikaona maandishi hayana uhai, nikarekodi sauti. Na ili ugonjwa usikike vizuri, nikakohoa. (Naumwa tumbo. Nikakohoa.)

Mama husali ibada ya kwanza, kwaya yetu huimba ya pili, kwa hiyo yeye hakuwa tatizo. Nilimwambia kwaya imealikwa Segerea. Nikajifariji kwamba huo si uongo mkubwa. Kwaya ipo, Segerea ipo. Nilichoacha kusema ni kwaya ya nani.

Segerea nilipokewa kama mkwe. Nikapewa sare, shati la rangi ya chungwa iliyokolea, lile la kuonekana ukiwa upande wa pili wa bonde. Lilishonwa kwa ajili ya mpiga kinanda wao, ambaye inaelekea ni mwanaume mrefu sana, maana mikono ilinifika kwenye kucha. Nikaikunja, nikakaa.

Nilipiga vizuri. Nasema hivi bila majivuno kwa sababu haikunisaidia kitu. Tatizo lilikuwa moja tu. Vitufe vyote vilikuwa vinalia, lakini vidole vyangu viliendelea kuruka cha katikati. Kinanda kizima, mie nakipiga kama kibovu. Ibada ilipoisha, mama mmoja wa sauti ya tatu akaniambia nina mtindo ambao hajawahi kuusikia popote. Nikashukuru.

Kisha Kaka Fredi akachukua kipaza sauti, akaniomba nisimame. Akawaambia washarika kwamba Mungu amewaletea dada Atupele, na kuanzia leo ni mwenzao. Tulikubaliana siku moja. Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kumvuta pembeni. Nikatabasamu. Vigelegele vikapigwa. Kwa hiyo kabla hata ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshadanganya kwaya mbili na mzazi mmoja, wote siku ya Bwana.

Tukala pilau, nikaaga. Kaka Fredi akasema kwao mgeni hasindikizwi nusu ya njia, na Coaster waliyokodi iko hapo nje. Nikamwomba anishushe barabara kubwa kwa kuwa uchochoro wetu ni mwembamba. Akasema basi watashuka watembee, maana lazima wakamsalimie mama na kumshukuru kwa kuzaa. Simu yangu ilikuwa chini ya mkoba, nimeizima sauti tangu asubuhi. Kama ningeitazama, ningeona Mwalimu amepiga mara ngapi, ningezimia ndani ya Coaster, na muda huu ningekuwa mgonjwa halali.

Sasa sikilizeni yaliyokuwa yanaendelea nyumbani wakati huo. Haya nimesimuliwa na mama baadaye.

Kwetu mwanakwaya akiugua, kwaya haitumi pole kwa simu. Inakuja. Inakuja baada ya ibada, na sare yake, na matunda, na wimbo. Nilijua hivyo. Mie mwenyewe nimeshawaimbia watu wenye homa waliokuwa wanataka kulala tu. Lakini nilikuwa nimeshughulika sana na kile kikohozi, nikasahau mengine.

Mama alipofungua geti akakuta watu wamevaa sare yetu ya bluu. Akauliza, "Mmerudi Segerea mapema hivi?"

Wakatazamana. Mwalimu Samweli akasema, "Shikamoo mama. Sisi tumekuja kumwona mgonjwa."

Mama yangu alihitaji muda mfupi kuliko wa kuwasha kiberiti. "Marahaba, baba. Mgonjwa yuko zahanati, anawekewa dripu. Karibuni mkae."

Mkeka ukatandikwa uani. Wakakaa, wakaanza kuimba ule wimbo wa wagonjwa kumsubiri mgonjwa.

Na mgonjwa huyo anakuja. Kundi zima la chungwa, mie katikati, tunaimba, Kaka Fredi mbele anapiga makofi juu ya kichwa. Tulipokata kona ya mwisho nikasikia wimbo mwingine unatoka kwetu. Nikautambua. Nilitaka kurudi nyuma, lakini nyuma yangu kulikuwa na sauti ya nne nzima.

Geti lilikuwa wazi. Bluu wakanyamaza kwanza. Halafu chungwa wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, kama taa za mtaa umeme ukikatika. Akabaki yule mama wa sauti ya tatu, ambaye huimba akiwa amefumba macho. Alimaliza ubeti mzima peke yake mpaka mtu akamgusa bega.

Kwenye mkeka kulikuwa na tikiti maji, machungwa na chupa ya uji. Vyote vyangu.

Mwalimu Samweli alinitazama kuanzia kwenye shati, akapanda taratibu mpaka usoni. "Atu. Tumbo linaendeleaje?"

Kaka Fredi akanigeukia kwa mshangao wa kweli. "Unaumwa tumbo? Mbona umekula sahani mbili?" (Zilikuwa mbili. Sikatai.)

Kabla sijafungua mdomo, mama akatokea mlangoni na trei ya vikombe. Akalitazama shati langu, akawatazama wageni. "Ahsanteni kumrudisha," akasema. "Wamemruhusu zahanati. Mungu ni mwema."

Hapo lazima niwaeleze kitu. Mama yangu ni mzee wa kanisa. Nusu ya kwaya yetu amewafundisha kipaimara. Nani angemwambia, kwenye ua wake, mbele ya wageni, kwamba anadanganya? Hakuna. Kwa hiyo kesi yangu yote ikabidi isikilizwe kwa njia ya tumbo.

Akaanza Dada Skola wa sauti ya pili, mwanamke ambaye hajawahi kusahau kosa la mtu. "Kumbe zahanati siku hizi wanatoa na mashati," akasema.

"Na kikohozi?" mwenzake akauliza.

"Kimepona," nikasema.

"Na hilo tumbo, limeanza lini kuhama?" Skola akaniuliza.

"Leo tu, dada."

"Leo tu. Hata Yuda alikula na wenzake kwanza, ndipo akaondoka. Wewe umeondoka, halafu ukaenda kula. Sahani mbili."

Mtaani kwetu msimu wa uchaguzi watu huangalia shati lako kabla ya kuitikia salamu. Sikujua na kwaya ni hivyo hivyo.

Kaka Fredi alikuwa ameshaelewa, akaanza kujitetea kama mwanaume aliyekutwa na mke wa mtu. Akasema jamani, wao walijua niko huru, wamenitambulisha mbele ya usharika kuwa mwenzao, na mie nikatabasamu.

"Alitabasamu?" Mwalimu Samweli akauliza. Nikaona hilo limemuuma kuliko shati.

"Huyu ana kwao," Skola akamwambia Fredi. "Hajaachika."

"Hakutuambia kama ana kwao."

Wote wakanigeukia, bluu na chungwa. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana.

Mwalimu akasema wao walikuja kumwombea mgonjwa na hawataondoka bila kumwombea. Nikakalishwa katikati ya mkeka. Mikono ikawekwa juu yangu, ya rangi zote mbili. Akaliombea tumbo. Kisha akaiombea miguu, isinipeleke nisikotumwa. Akauombea mdomo. Mwisho akauombea uso, usitabasamu pasipostahili. Amina ya watu wa Segerea ilikuwa kubwa kuliko ya kwetu.

"Mgonjwa apumzike," akasema alipomaliza. "Jumamosi tutamwita yule wa Mwananyamala."

Alisema kwa upole, na upole ndio uliokuwa mbaya. Akaongeza, "Nilisema ni wetu." Hakuniangalia mie, aliliangalia tikiti.

Nikaona hakuna tena cha kuficha. Nikamwambia nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua kama kweli najua kupiga.

"Ungeniuliza," akasema. "Mie najua."

Hapo nililia, na safari hii sikutaja kitunguu.

Aliyenitetea ni Skola, wa mwisho niliyemtegemea. "Mwalimu, tusiende haraka. Mtu baki hakusaliti. Hawezi, hana cha kusaliti. Huyu kama amefanya alichofanya, basi ni wetu kwelikweli, ndiyo maana inauma." Akapangusa mikono na khanga. "Halafu huyo wa kukodi, atajua kukiruka kile kitufe kilichokufa?"

Kaka Fredi, kwa moyo wake mzuri na aibu yake, akasema wao wako tayari kutuazima kinanda chao, vitufe vyote vizima.

"Haitasaidia," akasema yule mama wa sauti ya tatu, macho yamefunguka sasa. "Na chetu alikuwa anaruka kitufe cha katikati. Wimbo baada ya wimbo. Sisi tulidhani ni mtindo."

Mwalimu Samweli akanitazama. "Hata huko?"

"Hata huko, Mwalimu."

Akainua uso kutafuta dari. Tulikuwa uani, akakuta mbingu. Mabega yakaanza kumtikisika, na safari hii nilijua haombi.

"Mazoezi ni Ijumaa," akasema alipomaliza kucheka. "Ukiwa umepona."

Tikiti likakatwa, likaliwa na kwaya mbili. Nikajitanda khanga ya mama, nikamvulia Kaka Fredi shati lake hapo hapo, nikamwomba radhi mbele ya watu wake. Alikubali, ila alilikunja lile shati kwa uangalifu sana, kama mtu aliyerudishiwa posa.

Walipoondoka wote nikadhani yamekwisha. Nikaanza kukusanya vikombe. Mama akaniita chumbani, akanionyesha kitanda.

"Mama, si wameshajua?"

"Wamejua. Hakuna aliyetamka." Akanitandikia shuka. "Katika watu wote leo, ni mie tu ambaye sikukuuliza ulikuwa wapi. Nimesimama mbele ya kanisa nikasema mwanangu anaumwa. Basi utaumwa. Mpaka Ijumaa."

Ndiyo maana niko hapa. Majirani wameshaanza kuja, na kila mmoja na uji wake. Wa kwanza alitaka kujua dripu ilikuwa ya mkono upi. Mama akajibu wa kushoto, mie nikaonyesha wa kulia.

Naombeni msicheke. Geti limegongwa tena, nasikia mtu anauliza mgonjwa amelala chumba gani. Mama amechungulia mlangoni kunipa agizo moja tu: ugonjwa ni wa tumbo, nisikohoe.