Makochi Yangu Yaingia Mtandaoni

Jumatatu, 17 Novemba

Mke wangu Kabagwira ametoa hukumu wakati wa chai. Nisipouza hata kochi moja kabla ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya mwisho wa mwezi, nifunge karakana yangu hapa Gisozi, niende Gatsata kwenye gereji ya kaka yake, Eddie, nikawe msaidizi. Msaidizi! Eddie ameshaleta ovaroli. Limetundikwa nyuma ya mlango wa chumbani. Nalala linanitazama. Mimi Bayingana, niliyejifunza useremala Karagwe kabla shemeji huyo hajajua kushika spana! Nimemwambia mke wangu wateja wako njiani. Akauliza njia ipi.

Jumanne, 18 Novemba

Nimempeleleza Cyriaque, yule aliyekulia Bujumbura, mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Vitanda na makabati yake hayakai. Nimegundua siri. Si ufundi, ni intaneti! Watu wanaona kabati kwenye simu, wanakuja. Haya, biashara matangazo. Nami naingia mtandaoni. Ila bando ni ghali, na waifai anayo yeye. Nimeenda kumsifia sauti yake ya kwaya (anaimba kama bawaba isiyotiwa mafuta) ili nimchomoe neno la siri. Sikuwa nimefika mbali akanipa mwenyewe, akasema majirani ni ndugu. Mjinga wa watu. Nimemweza!

Alhamisi, 20 Novemba

Waifai ya Cyriaque haivuki barabara. Ni chovu kama mwenyewe. Nimeshinda kwenye benchi lake, nyuma ya madebe ya vanishi. Akaniletea chai. Nikanywa, nikaendelea kumhujumu. Nimeweka picha ya makochi yangu mekundu. Jina: Bayingana, Makochi ya Kifalme. Kisha ramani ikauliza kama biashara yangu iko mahali hapa nilipo. Swali gani hilo? Gisozi si Gisozi? Nikabonyeza ndiyo.

Sifa zilikosekana. Jioni nimechukua simu ya Kabagwira kimyakimya, nikajipa nyota tano. Nimeandika kwamba mimi ni Jean-Luc, tajiri wa Ubelgiji, na makochi haya yamenitoa machozi.

Ijumaa, 21 Novemba

Kabagwira ameuliza kwa nini dada zake wote leo wanamwita Jean-Luc. Kumbe sifa imetoka na jina lake, pamoja na picha yake ya harusi. Nimesema ni virusi. Sijapewa chakula cha mchana.

Jumatatu, 24 Novemba

Wateja wamemiminika! Kwa Cyriaque! Nimesimama mlangoni na ufagio tangu asubuhi, nikitabasamu hadi mashavu yakauma. Pikipiki inafika. Abiria anatazama simu, anatazama tena, anateremkia kwa Cyriaque. Mmoja nimemsikia kwa masikio yangu akiulizia Bayingana. Cyriaque akanyoosha kidole kwangu, lakini macho ya mteja yalikuwa yameshatua kwenye kabati. Basi. Huyu mtu ana dawa, na nimemwambia Kabagwira hivyo. Akasema anaijua, inaitwa kazi.

Jumamosi, 29 Novemba

Umuganda. Mtaa mzima tulikuwa tunachimba mtaro. Roho iliniuma, sikuweza kuvumilia. Nikasimamisha jembe, nikamwambia Cyriaque mbele ya watu wote kwamba ni mwizi wa wateja. Hakukasirika. Akafuta udongo mikononi, akatoa simu, akanionyesha ramani. Yewe! Jina langu limekaa juu ya bati lake! Akasema alidhani ninamletea wateja kwa wema, na kila asubuhi ananiombea. Usumani, muuza magodoro, alicheka hadi akakaa mtaroni. Niliona aibu. Nakiri hapa tu.

Akajitolea kunirekebishia palepale. Nisimame mlangoni pangu, nibonyeze mara moja, kwa bando lake. Ng'o! Nimeshaelewa mchezo. Waifai ya mtu ina upendeleo, wateja inawapeleka kwa bwana wake. Na bando lake ni damu moja na waifai yake. Siguswi tena na intaneti ya Cyriaque.

Mchana akavuka barabara na mama mmoja, Nyiransabimana, anayeoza binti. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kwetu bibi harusi haendi kwa mume mikono mitupu, vyombo vya nyumba hutoka kwao. Kitanda na kabati mama alishavichukua kwa Cyriaque, lakini Cyriaque hatengenezi makochi. Akakalia kochi langu. Akajitikisa. Akasema lina adabu. Nilitaka kulia. Ila wenye kauli ya mwisho ni shangazi wawili wa bibi harusi, wanaokaa Kicukiro, upande wa pili wa jiji. Watakuja Jumatatu, watafuata ramani.

Kabagwira ameniongezea muda kwa shingo upande. Shangazi wakikubali, karakana inabaki. Wasipokubali, Jumanne ni Gatsata.

Jumapili, 30 Novemba

Baada ya ibada nimekwenda mbio Kicukiro kwa binamu yangu Umulisa, mwenye saluni. Waifai yake ina kasi, na haina undugu wowote na Cyriaque. Nimekaa chini ya ile mashine ya kukaushia nywele, nikalifuta jina langu kwenye bati la adui, nikaanza upya. Ramani ikauliza lile swali lake la kipuuzi. Nikabonyeza ndiyo, safari hii kwa nguvu. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatatu, 1 Desemba

Makochi nimeyapangusa. Mlangoni nimefagia, nikafagia tena. Saa nne shangazi wakapiga simu kwa furaha. Wamefika! Wakasema kumbe ni karibu hivi, wametembea kwa miguu tu. Kwa miguu, kutoka Kicukiro hadi Gisozi! Wanawake wa zamani wana nguvu. Nikawaambia niko mlangoni, nimeshika ufagio. Wakasema ufagio hawauoni, ila wamepata kiti kizuri, wanapumzika kwanza. Halafu wakakata simu.

Mchana Umulisa akanipigia kunishukuru. Amepata wateja wawili wa baraka, wanasukwa, na wamemwita bibi harusi na wasindikizaji wake wote waje nao wasukwe. Makochi wamesema watanunua kwingine, maana fundi mwenyewe haonekani. Umulisa anasema hakujua kama intaneti inasaidia biashara kiasi hiki. Cyriaque naye akavuka barabara kuuliza kwa upole kama wageni wangu walipotea. Nimemjibu kwamba kuna watu hawajui kusoma ramani.

Jioni hii Kabagwira analipiga pasi lile ovaroli. Alitegemea nitabisha, nami nimemshangaza. Nimesema kesho nitalivaa, nitaondoka mapema, na simu yangu nitaichaji vizuri.

Nimeulizia. Gereji ya Eddie ina waifai.