Yakuti ya Siu Haipendi Maji

Jumapili, mwezi 1 Mfunguo Sita 1304. Bagamoyo.
Wazungu wa misheni wanasema huu ni mwaka 1886. Wana hesabu yao. Kwa hesabu yangu ni miaka ishirini na minne na miezi miwili tangu nitoke Siu. Kila mwaka huwaaga watu wa mtaa huu kwamba msimu ujao narudi kwetu. Mwaka huu nimechelewa kuaga. Naoa. Yaani, natarajia.

Mwanamvua, mjane mwenye nyumba ya mawe na kisima cha maji matamu, ameposwa na watu wawili: mimi, mwandika barua za watu, na Darwesh, muuza nguo. Atatoa jibu siku ya Maulidi. Dada yake, Mize, ndiye mjumbe. Kaniambia Mwanamvua hataki makuu, anataka pete moja tu, aichague mwenyewe. Nikajibu papo hapo kwamba sandukuni mwangu zimo pete tatu za vito alizoniachia bibi yangu wa Siu.

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Bibi yangu aliniachia kinu, bila mchi.

Jumatatu, mwezi 2.
Asubuhi nzima dukani kwa Rehani, anayewauzia wapagazi wa misafara shanga na pete. Sinia zima la pete, zote za kioo. Nilichagua kwa makini. Nyeupe moja, kubwa kama punje ya muhindi, niliirudisha. Almasi ya ukubwa ule watu wangeuliza imepita kwa sultani gani. Ya manjano nayo hapana, ilifanana na jicho la paka mgonjwa. Rehani alisema Mwalimu unachagua kama kwamba ni za kweli. Nikamwambia za kweli ningechukua yoyote.

Nimechukua nyeupe ndogo, kijani na nyekundu. Almasi, zumaridi, yakuti. Mbili zisizochaguliwa nitarudisha, na barua zake za Unguja nitamwandikia hadi Ramadhani. Alianza kunieleza habari ya karatasi ya bati iliyobandikwa nyuma ya kila kioo, kwamba mng'ao wote unatoka hapo, na kwamba nijihadhari na kitu fulani. Sikungoja amalize. Nimesoma kitabu kizima cha vito, chenye jalada la ngozi.

Jumanne, mwezi 3.
Siku njema! Nilikaribishwa barazani kwa Mwanamvua. Mize akaniambia shikamoo Mwalimu, hebu tuzione hizo mali za Siu. Nikasema marahaba, nikafungua kitambaa polepole. Mwanamvua alikuwa nyuma ya mlango. Mkono wake ulitoka, wenye hina, ukachukua pete moja moja. Kupitia upenyo nilimwona akizitia mdomoni, moja baada ya nyingine, na kuzikalisha huko kitambo. Nadhani ndivyo wanawake wa hapa wanavyoonyesha furaha. Kitabu changu hakisemi lolote juu ya midomo.

Akachagua nyekundu. Kisha akauliza jambo moja tu: Siu narudi lini? Nikajibu kwa heshima ya mtu mwenye kwao kwamba ni msimu ujao, Mungu akipenda. Mkono ukarudi ndani. Bila shaka alivutiwa.

Alhamisi, mwezi 5.
Balaa. Mize kanisimamisha njiani na pete kiganjani. Yakuti imekuwa na rangi ya ini la mbuzi la juzi. Akauliza kito gani hiki kinaoza. Ndipo nikakumbuka Rehani na bati lake. Mwanamvua hutia udhu mara tano kwa siku, bila kuivua pete. Maji yamepenya.

Nilifikiri upesi. Nikamwambia yakuti ya Siu ina tabia hiyo: ikikaribiwa na husuda, husawijika. Mize akauliza husuda ya nani. Mimi si mtu wa kutaja majina. Nilitazama tu upande wa duka la Darwesh.

Jumamosi, mwezi 7.
Habari imeenea kuliko nilivyokusudia. Wanawake watatu wamekuja kutaka niwaazime yakuti. Mmoja anataka kumpimia mke mwenzake, wa pili mama mkwe. Wa tatu hakusema, ila alikuja na mumewe, na mume hakuwa na raha. Nimewaahidi wote. Darwesh amenipita bila salamu. Mambo yanakwenda vizuri.

Jumapili, mwezi 8.
Naandika kwa taabu. Baada ya adhuhuri Darwesh alikuja kwenye baraza la kahawa na bakuli la maji. Akatoa pete nyekundu, ndugu wa ile, akasema kainunua kwa Rehani asubuhi hii. Akaitumbukiza mbele ya watu wote. Tukakaa. Tulizungumza habari za nazi, lakini macho yote yalikuwa bakulini. Kufika alasiri, ini. Darwesh akaiinua akauliza, "Jamani, na hii nani kaihusudu? Au ni bakuli?"

Hata muadhini alicheka, na meno yake sijawahi kuyaona.

Nimeamua kuhama. Nilifungua sanduku nipange vitu vyangu, nikakuta kanzu, kitabu cha vito na pete mbili za Rehani. Nikakaa juu ya sanduku nikijiuliza nahamia wapi.

Jumanne, mwezi 10.
Mize alinifuata nyumbani. Nilikwenda kama kondoo. Mwanamvua akasema nyuma ya mlango kwamba kito cha kweli hukaa baridi mdomoni, na zangu zote tatu zilipata joto kama viazi. Alijua tangu Jumanne ile. Alichukua nyekundu kwa sababu anapenda nyekundu. Pete ya marehemu mumewe nayo ilikuwa kioo, ila yule alimwambia ni kioo.

Akasema marehemu aliaga kila msimu, akaenda bara na misafara, na msimu mmoja hakurudi. Mwanamume mwingine wa kuaga hamtaki mlangoni pake, awe na yakuti au kioo. Kisha akauliza tena. Siu, lini?

Nilifungua mdomo niseme msimu ujao. Ulimi haukufuata. Nikamweleza kwamba nyumba ya baba ilianguka mwaka mmoja baada ya mimi kutoka. Umebaki ukuta wa kaskazini, wenye vishubaka vitatu, na mtu hufunga punda wake hapo. Nililetewa habari hiyo miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu hapo nimekuwa naaga tu.

Mize akasema, "Shemeji, sogea kivulini, jua litakuua." Hajawahi kuniita shemeji.

Alhamisi, mwezi 12. Maulidi.
Amekubali! Ndoa Ijumaa ijayo. Darwesh kanipa mkono na doti ya kanga kwa bibi harusi. Husuda tupu. Mwanamvua anasema pete nyingine haihitajiki, ataivaa hiyo hiyo yenye rangi ya ini.

Lakini bibi harusi na ini kidoleni, haiwezekani. Nilipotoka maulidini nilipita kwa Rehani na kumwambia ile ya kijani siirudishi. Safari hii nimetumia akili: nimeizungushia nta pembeni, tone la maji haliingii. Nilimweleza Rehani nitasema ni zumaridi ya mama yangu, imeletwa juzi na mtu wa Siu. Rehani akauliza mtu gani wa Siu. Nikamwambia sijampata bado, nina wiki nzima.

Nta imekauka vizuri. Itaishi miaka mingi kidoleni, nami nitakuwapo kuipaka nyingine. Siu sitarudi.