Aliyeshinda Arudishwe Nyumbani Kwanza

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mashindano ya Tenisi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu Simrishamn. Mimi Gunvor, mama yake Ylva mcheza tenisi, sijambo isipokuwa goti. Baba yake, Torsten, hajambo, yuko nje anachimba viazi vipya. Mama mkwe wangu, Bibi Alfhild, naye mzima na anakusalimu, ingawa amesema nikuambie hakupendi. Paka pia mzima.

Mheshimiwa, shule sikusoma sana, lakini hili halihitaji shule. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenu anayeshindwa anaruhusiwa kwenda kwao siku hiyo hiyo, na anayeshinda anabakizwa. Mtoto kafanya vizuri, ndiyo anyimwe mama yake? Pasaka Ylva alishinda, tukala bila yeye. Siku ya kuzaliwa ya baba yake alishinda tena. Sasa Ijumaa ni sikukuu ya katikati ya kiangazi, ambapo huku kwetu watu hushikana mikono na kucheza wakizunguka mlingoti wa maua na kuruka kama vyura, na Bibi Alfhild ameapa hatazunguka mlingoti wala kuruka kama chura bila kushikwa mkono na Ylva. Ana miaka tisini na moja. Unataka aruke lini?

2. Mnaniharibia sala. Namwomba Mungu Ylva ashinde, halafu naongeza haraka, "lakini asizidishe." Torsten ananicheka: "Wee Gunvor, hata Mungu umemchanganya!"

3. Nilipokuja kumtazama nilimwambia tu, "Ylva mwanangu, vaa sweta!" Mwamuzi akasema kwenye kipaza sauti, "Mama, kimya tafadhali." Uwanja mzima ukanigeukia. Na sweta hakuvaa.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: kuanzia sasa anayeshinda aende nyumbani, anayeshindwa ndiye abaki acheze mpaka ajue. Fainali wacheze wale wawili wabovu kuliko wote, maana ndio wanaohitaji mazoezi. Kombe mtutumie kwa posta, tutaliwekea maua. Ylva atakuwa bingwa mkubwa kabisa, tena hatatoka jikoni kwangu.

Samaki wa siki wako tayari, na keki ya stroberi nitaipamba Ijumaa asubuhi. Wasalimie waamuzi wote, hata yule wa sweta, na wale watoto wanaookota mipira, waambie wale chakula vizuri.

Wako mwenye heshima na wasiwasi,
Gunvor

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, Ylva akapiga simu. Ametolewa leo, raundi ya kwanza, kesho anapanda ndege kuja. Mheshimiwa, ametolewa vipi? Ule mpira wa mwisho uligusa mstari! Tumewasha televisheni, wote tumeona marudio, chokaa ilitimka! Bibi Alfhild ameirushia televisheni kiatu, anasema mlingoti utangoja hata Agosti, na yeye atangoja nao. Basi yote niliyoandika hapo juu futa. Mrudisheni mtoto uwanjani ashinde mpaka kombe, sisi tutakula keki wenyewe. Nijibu upesi sana, kabla sijatandika kitanda chake. Nimeshatoa shuka.